Mtungi wa lita 20 wa naitrojeni ya kimiminika na huduma ya kuujaza: tathmini kutoka Dodoma

Tathmini hii inahusu vitu viwili ambavyo mhimilishaji wa Dodoma, yaani mtu anayewapandisha ng'ombe kwa mbegu za madume zilizogandishwa, hawezi kuvitenganisha. Cha kwanza ni mtungi wa alumini wa lita 20 ninaouhifadhia mbegu za madume, na cha pili ni huduma ya kuujaza naitrojeni inayotolewa na wakala mmoja aliyeko pembezoni mwa jiji, upande wa barabara iendayo Arusha. Naiandika kwa ajili ya wahimilishaji wenzangu wa Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, na kwa vikundi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa vinavyochanga fedha ili vipate mtungi wao wenyewe, kwa sababu nimeona fedha nyingi zikipotea pale watu wanaponunua mtungi kwa kutazama rangi na bei, kisha wakanunua naitrojeni kwa kutazama ukungu unaotoka mdomoni mwa mtungi. Msimamo wangu nautaja mapema: mtungi hupimwa kwa siku unazotunza baridi, na naitrojeni hupimwa kwa kilo. Muuzaji anayekataa vipimo hivyo hastahili kupewa fedha za kikundi.

Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa tunayoivuta, haina rangi wala harufu, na haishiki moto. Viwanda huipata kwa kuvuta hewa ya kawaida, kuichuja vumbi, kuigandamiza, kuiondolea unyevu na kaboni dayoksaidi ambavyo vingeganda na kuziba mabomba, kisha kuipoza kwa kuiachia itanuke ghafla, na kuirudia kazi hiyo mpaka hewa yenyewe iwe kimiminika. Kimiminika hicho hutenganishwa ndani ya mnara mrefu kwa kufuata kiwango cha kuchemka cha kila gesi: naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, agoni kwenye 186, na oksijeni kwenye 183. Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski waliipata naitrojeni katika hali hiyo mjini Kraków mwaka 1883, na Carl von Linde wa Ujerumani akaigeuza kazi ya kuyeyusha hewa kuwa ya kiwanda kuanzia mwaka 1895. Nayataja haya kwa sababu moja ya kibiashara. Malighafi ni hewa, ambayo haina mwenyewe, kwa hiyo bei tunayolipa Dodoma ni bei ya umeme, ya mtambo na ya barabara, na juu ya hayo ni bei ya kile kilichopotea njiani na ghalani kabla hakijatufikia.

Lita moja ya kimiminika hiki ina uzito wa kilo 0.8 hivi, na ikigeuka gesi kwenye joto la kawaida hutoa karibu lita 700. Namba ya kwanza inalinda mfuko wa mnunuzi, na ya pili inalinda uhai wake. Wapo wanaouliza kama mwinuko wa Dodoma, unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, unabadilisha chochote, na jibu ni kwamba kwa kuwa mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko wa pwani, naitrojeni yetu huchemka ikiwa baridi zaidi kwa takribani nyuzi moja, tofauti ambayo mbegu haiwezi kuihisi.

Sasa mtungi wenyewe. Una kuta mbili za alumini, na katikati ya kuta hizo hewa imenyonywa likabaki ombwe, pamoja na tabaka nyingi za karatasi ya kung'aa inayorudisha mionzi ya joto ilikotoka. Kanuni ya ombwe kati ya kuta mbili ni ya James Dewar, aliyeitumia kwa ajili ya gesi zilizoyeyushwa mwaka 1892, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya chupa ya chai ya nyumbani. Tangi la ndani halikushikiliwa na kitu kingine chochote isipokuwa shingo, ambayo hutengenezwa kwa faibaglasi kwa sababu bomba la chuma lingeyapitisha joto yote tuliyohangaika kuyazuia. Maana yake ni kwamba uzito wote wa kimiminika, unaokaribia kilo 16 mtungi ukijaa, unaning'inia kwenye bomba moja jembamba. Mwenye kulielewa jambo hilo hataulaza mtungi, hatauburuza sakafuni, wala hataufunga kwa mpira nyuma ya bodaboda kwenye njia ya makorongo ya kwenda Hombolo. Mtungi wa alumini unaweza kupata pigo, ukaonekana umebonyea kidogo tu kwa nje, kumbe shingo imepata ufa usioonekana na ombwe limeanza kuvuja.

Shingo ya mtungi wangu ina upana wa milimita 50, na huo ndio upana ninaowashauri wenzangu. Mitungi yenye mdomo mpana inavutia kwa kuwa mkono unaingia kwa urahisi, na ina kazi yake katika maabara ambako sampuli huingizwa na kutolewa mara kwa mara, lakini kadiri mdomo unavyopanuka ndivyo baridi inavyotoroka. Kwa mhimilishaji anayejaza mara chache kwa mwaka, mdomo mpana ni hasara ya kila siku. Ndani kuna vikopo sita vyenye mikono mirefu inayokaa kwenye mapengo ya mdomo, na kila kikopo kina namba yake, hivyo mbegu za Friesian, za Ayrshire, za Boran na za dume la Mpwapwa hazichanganyiki na wala sihitaji kuinua vikopo vitatu ili kutafuta kimoja.

Karatasi ya mtengenezaji inasema kwamba mtungi ukiwa umetulia bila kufunguliwa hupoteza lita 0.1 kwa siku. Nimelipima dai hilo kwa mizani ya kielektroniki, kila mara siku ile ile ya wiki na saa ile ile ya asubuhi, na kuandika kwenye daftari linaloning'inia ukutani karibu na mtungi. Ukiachwa bila kuguswa hupungua zaidi kidogo ya nusu kilo kwa wiki, na hicho ndicho kiasi ambacho hesabu ya karatasi inadai. Katika wiki za kazi nyingi, hasa baada ya mvua majani yanapopatikana na ng'ombe wengi wanapoingia kwenye joto, yaani wanapotaka dume, upungufu huongezeka mpaka kufikia kama mara moja na nusu ya hapo. Kwa hiyo zile siku 200 zinazopatikana kwa kugawa lita 20 kwa lita 0.1 ni hesabu ya mtungi uliolala. Mtungi wa kazi uhesabiwe takribani theluthi mbili ya muda huo, na ujazwe mapema zaidi, kimiminika kikiwa bado na kina cha sentimita 12 hadi 15, kwa sababu chini ya hapo mirija ya juu katika kikopo, ile myembamba yenye mbegu ndani yake, hubaki ndani ya mvuke tu.

Wafugaji wengi huamini kwamba jua la Dodoma ndilo adui mkubwa wa mtungi, na nilipata kuwaona watu wakiufunika kwa magunia mabichi mwezi wa Oktoba. Hesabu haikubaliani nao. Tofauti ya joto kati ya chumba chenye nyuzi 25 na kimiminika chenye nyuzi 196 chini ya sifuri ni nyuzi 221. Chumba kikipanda hadi nyuzi 35, tofauti inakuwa 231, na hata tukiongeza kwamba mionzi ya joto hukua kwa kasi zaidi kuliko tofauti yenyewe, upotevu unaongezeka kwa asilimia chache, au kumi na kitu kwa wingi wake. Daftari langu la miezi ya joto linaonyesha hivyo hivyo. Kinachomaliza naitrojeni ni kizibo kilichoachwa wazi, vikopo kuinuliwa bila sababu, na mtikisiko wa barabara mbovu unaokifanya kimiminika kirukeruke na kulamba shingo yenye joto. Magunia mabichi yana dosari nyingine, kwamba yanaficha dalili muhimu kuliko zote, yaani umande au barafu kwenye bega la mtungi. Mtungi mzima huwa mkavu kwa nje na una joto la chumba. Ukiuona unatoka jasho au umejaa utando mweupe kuzunguka shingo, ombwe limekufa, na una saa chache tu za kuhamisha mbegu.

Kupima kina cha kimiminika ni kazi ya fimbo ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, ambayo ilikuja na mtungi na ambayo nasikitika kuona wengine wakiitupa. Fimbo huteremshwa taratibu mpaka iguse chini, huachwa kwa sekunde kumi hivi, kisha hutolewa na kupungwa hewani. Hapo unyevu wa hewa hujikusanya na kuganda kwenye sehemu ile tu iliyozama, na mstari mweupe hutokea ukiwa umekatika vizuri, ukiweza kuusoma kwa rula. Katika miezi mikavu ya Dodoma mstari huo hujitokeza polepole, kwa hiyo nasubiri kidogo kabla ya kusoma. Fimbo isiwe bomba wala mwanzi ulio wazi ndani, kwani kimiminika kitachemka ndani yake na kuruka juu usoni mwa anayepima.

Umuhimu wa kina hicho unatokana na mbegu zenyewe. Mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walionyesha nchini Uingereza kwamba gliseroli huziwezesha mbegu za kiume kugandishwa na kuyeyushwa zikiwa hai, na tangu hapo uhimilishaji ukaacha kutegemea dume aliyeko jirani. Lakini gliseroli hailindi dhidi ya uzembe. Mbegu hubaki salama kwa miaka mingi zikikaa kwenye baridi kali kuliko nyuzi 130 chini ya sifuri, na joto lake likipanda juu ya hapo, hata kama zitarudishwa mara moja, chembe ndogo za barafu huanza kuungana na kukua, zikazikata seli kutoka ndani. Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, kwa hiyo hewa ya kawaida huupasha joto kwa sekunde chache mno. Kikopo kiinuliwe mpaka chini kidogo ya mdomo wa mtungi na si zaidi, mrija utolewe kwa koleo, kikopo kirudi ndani kabla ya sekunde kumi, na mrija uende moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37. Ubaya wa kosa hapa ni kwamba halina alama. Mrija ulioharibika unafanana na mzima, na habari zake hufika baada ya siku 21, ng'ombe anaporudi kwenye joto na mfugaji anapopiga simu kuuliza kulikoni.

Katika hilo mtungi wangu una sifa ninayoipenda sana: mikono ya vikopo ina urefu unaotosha kukisimamisha kikopo ndani ya shingo huku mkono mmoja ukiwa huru kushika koleo. Dosari yake iko kwenye kizibo. Povu gumu lililoshikamana na kifuniko limeanza kuachana nacho, na wauzaji wengi hapa hawana kizibo cha ziada, hivyo unaweza kuwa na mtungi mzima wenye thamani kubwa unaopoteza naitrojeni kwa sababu ya kipande cha povu. Watengenezaji wangeweka vizibo viwili katika kila boksi, wangetufanyia hisani kubwa kuliko ile ya kutuwekea kamba ya kuning'iniza begani, ambayo kwa mtungi unaofikia karibu kilo 27 ukijaa haina maana yoyote. Mishikio miwili ya pembeni ni imara na inatosha, mradi wabebaji wawe wawili.

Kwa safari za kwenda kwa wafugaji siuchukui mtungi huu. Natumia mdogo wa lita 3, ambao hutunza baridi kwa wiki tatu hivi ukitulia, na kwa kazi ya mjini, Nzuguni, Miyuji au Ihumwa, unatosha sana. Mdogo huo sina mengi ya kuueleza. Ni mwepesi, unaingia kwenye kreti la soda lenye sponji, na hauyumbi.

Huduma ya kujaza ndiyo iliyonifanya niandike kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo tofauti kati ya mtoa huduma mmoja na mwingine ni kubwa. Wakala niliyemtumia awali, ambaye simtaji, alikuwa akijaza kwa kutazama. Kijana wake alimimina kwa kasi kwenye mtungi ambao ulikuwa umepata joto, kimiminika kikachemka kwa fujo, ukungu mweupe ukafurika mdomoni na kumwagika hadi sakafuni, naye akafunga na kusema umejaa. Ukungu ule si naitrojeni, kwani naitrojeni haionekani. Ni unyevu wa hewa ulioganda kwa ubaridi, na unaweza kufurika hata mtungi ukiwa nusu. Nilipofika nyumbani na kuuweka mtungi kwenye mizani, ulikuwa na kilo 12 za kimiminika badala ya 16, yaani lita 15 zilizouzwa kwa jina la lita 20. Nilipompelekea hesabu, akanijibu kwamba gesi huwa inapungua njiani. Hupungua kweli, lakini mtungi mzima haupotezi lita tano kati ya dukani na Area D.

Wakala ninayemtumia sasa ana utaratibu mwingine kabisa. Ukifika, kijana anayejaza huamkia, kisha husema, "Shikamoo mzee, mtungi tuuweke kwanza mizanini," na uzito wa mtungi kabla ya kujazwa huandikwa kwenye stakabadhi mbele yako. Kama mtungi ni mkavu na una joto, humimina lita moja au mbili kwanza na kusubiri zipoze tangi la ndani, kwa sababu alumini yenye joto la chumba hula lita kadhaa kabla ya kukubali kutulia, na anayeujaza kwa pupa huliumiza pia lile bomba la shingo kwa baridi ya ghafla. Baada ya hapo mpira maalumu wa chuma uliosokotwa huteremshwa mpaka karibu na sakafu ya tangi, na kimiminika huingia kwa utulivu bila kurusha matone. Mtungi hurudi kwenye mizani, na unalipia tofauti kati ya vipimo vile viwili vya uzito. Lita kadhaa zilizotumika kupoza mtungi mkavu huzihesabu kando na kuzieleza waziwazi, jambo ambalo limewafundisha wahimilishaji wengi, bila kusemeshwa, kutouacha mtungi ukauke.

Huduma hii ina upungufu wake pia. Siku za kupokea mzigo hazitangazwi mapema, na ukitoka Mpwapwa au Kongwa ukakuta ghala tupu, umepoteza nauli na siku. Ujumbe mfupi wa simu kwa wateja waliosajiliwa ungeondoa adha hiyo bila gharama kubwa. Pia kituo hufungwa mapema mchana wa Jumamosi, siku ambayo wafugaji wengi wako mjini kwa ajili ya mnada na wangependa kupitisha mitungi yao. Mara kadhaa wakati wa masika, magari yanapochelewa, kila mteja alipewa kiasi kidogo ili wote wapate. Utaratibu huo nauona wa haki, ila ungetangazwa kabla mtu hajafunga safari.

Kuhusu usalama, wakala huyu anasimama imara, nami namuunga mkono hata pale wateja wanaponung'unika. Hajazi chupa ya chai. Kuna watu huja na chupa hizo wakitaka kubebea mirija miwili mitatu kwenda kijijini, na wanapokataliwa hudhani wananyimwa. Chupa ya chai hufungwa kwa kifuniko cha kukaza, na kila lita moja ndani yake inataka kuwa lita 700. Gesi ikikosa njia ya kutokea, kifuniko au chupa yenyewe itapasuka kama bomu mikononi mwa aliyeishika. Ndiyo maana kizibo cha mtungi halali hukaa kwa kulegea, na asitokee mtu akakifunga kwa gundi au kamba kwa nia ya kuzuia upotevu.

Vilevile hakubali mtungi uwekwe ndani ya gari pamoja na abiria huku vioo vimefungwa. Tuchukue mfano wa mtungi wa lita 20 unaopinduka: utatoa karibu mita 14 za ujazo za gesi, ilhali chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari la mita 2.7 kina mita 24 tu, na ndani ya gari nafasi ni ndogo mara nyingi zaidi ya hapo. Oksijeni katika chumba hicho inaweza kushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 12 au chini yake, na gesi hiyo ikiwa bado baridi ni nzito kuliko hewa, hivyo hujilaza chini, mahali alipo mtoto au mtu aliyeinama. Mwili hautoi onyo, kwa kuwa kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni kaboni dayoksaidi kujaa, wala si oksijeni kupungua. Mtu huishiwa nguvu, huanguka, na anayekimbilia kumwokoa huanguka juu yake. Mtungi ukae kwenye chumba chenye madirisha yanayopitisha hewa, na usafirishwe nyuma ya pikapu ukiwa umesimama na kufungwa kwa kamba pande zote.

Mavazi nayo wanayasimamia. Hawamruhusu mtu mwenye kandambili kusogea kwenye mpira wa kujazia. Tone moja linaloanguka kwenye ngozi wazi mara nyingi huteleza na kutoka bila madhara, kwa sababu hutanguliwa na mvuke wake lenyewe, jambo lililoelezwa na Johann Leidenfrost mwaka 1756 kwa matone ya maji kwenye chuma cha moto. Watu huliona hilo wakadhani baridi hii ni ya mchezo. Kimiminika kikinaswa ndani ya kiatu, soksi au glavu iliyobana, hakina pa kuteleza, na ngozi huungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto. Glavu ziwe kubwa, zinazotoka kwa kukung'uta mkono, suruali ipite nje ya buti, na macho yakingwe.

Nikisubiri zamu yangu pale kituoni nimejifunza kwamba sisi wa mifugo ni wateja wa aina moja tu. Kliniki za ngozi huchukua lita chache za kuchomea chunjua. Mafundi wa karakana huja kwa ajili ya pini na bushi: pini ya chuma yenye kipenyo cha milimita 100 ikizamishwa kwenye naitrojeni hupungua kama milimita 0.2, ikaingia kwenye tundu lake kwa kusukumwa na mkono, na ikirudiwa na joto hukaza kuliko ambavyo ingekaza kwa nyundo. Fundi mmoja wa mashine za kukamua alizeti aliniambia kwamba tangu aanze kutumia njia hiyo hapasui tena nyumba za beringi, na niliiona kazi hiyo kwa macho yangu, pini ikitolewa nyeupe kwa barafu na kupotea ndani ya chuma bila kelele.

Kwingineko duniani matumizi ni mapana zaidi. Viwanda vya chakula hunyunyizia naitrojeni samaki, kamba na matunda ili vigande kwa dakika chache na chembe za barafu zisipate muda wa kukua na kuharibu nyama yake. Matairi chakavu hugandishwa mpaka mpira uwe mkavu wa kuvunjika, ndipo yasagwe kuwa unga. Viungo vya chakula husagwa kwa baridi hiyo ili mafuta yake ya harufu yasipeperuke kwa joto la mashine. Viwanda vya maji ya chupa hudondosha tone moja kabla ya kufunga kifuniko, na gesi inayotokana nalo huifanya chupa nyembamba isimame bila kubonyea. Tangu mwaka 1987, ilipopatikana kauri inayopitisha umeme bila ukinzani kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, wanafizikia nao wamekuwa wakiitumia naitrojeni mahali ambapo zamani walilazimika kununua heliamu, iliyo adimu na ghali mno. Ninayaeleza haya kwa sababu yana faida kwetu: kadiri karakana, hospitali na viwanda vya Dodoma vinavyozidi kuihitaji, ndivyo gari la mzigo litakavyokuja mara nyingi zaidi na bei kwa kilo kuteremka, kwani gari linalokuja kwa ajili ya wahimilishaji peke yao hurudi likiwa na hasara.

Kwa jumla ya matumizi yangu, mtungi naupa alama za juu kwa utunzaji wa baridi na kwa vikopo vyake, na nampunguzia mtengenezaji kwa kizibo. Wakala naye napendekeza atumiwe bila kusita na yeyote aliyeko Dodoma, kwa sharti la kupiga simu kabla ya kutoka nyumbani. Kwa kikundi kinachonunua mtungi sasa, kabla ya kulipa ulizeni kiasi cha upotevu kwa siku na muombe kiandikwe kwenye stakabadhi. Gaweni bei kwa siku za kutunza baridi, kisha linganisheni na mtungi mwingine, kwani wa bei rahisi wenye upotevu mara mbili utaula mfuko wenu kila mwezi. Mtungi ujazwe lita mbili au tatu hapo hapo dukani, ukae saa 24, kisha upapaseni bega kwa kiganja kikavu. Likiwa na umande, urudisheni. Likiwa kavu, upimeni, andikeni uzito na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha ndipo muagize mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River.